Mwisho wa Tatu Ndio wa Kweli

Jumanne. Mvua ya asubuhi imekatika, mlima umejificha, na mawe meusi ya uani yanang'aa kana kwamba mtu ameyapaka mafuta. Miguu imevimba tena. Nimeketi dirishani na kompyuta ya Furaha magotini, naandika kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa.

Daktari alimwambia Furaha kwenye korido kwamba moyo wangu umechoka na hautapumzika tena. Alisema kwa sauti ya chini, akidhani sisikii. Mimi si kiziwi. Ni mzee tu.

Ukurasa huu nilifunguliwa na Furaha, mjukuu wangu, ili niandike kumbukumbu za shule. Wanaousoma wengi ni wanafunzi wangu wa zamani, ambao hadi leo wananiita Bwana Prefe, yaani mkuu wa shule, na ambao wananitakia afya njema kwa Kifaransa chenye makosa niliyowasahihisha miaka mingi bila mafanikio. Kati ya yote niliyoandika hapa, waliyoyapenda kuliko mengine ni yale ya mwanangu Paluku. Jinsi siku mlima ulipotema moto alivyoacha familia barabarani akarudi mjini kumtoa jirani mzee, Mama Apolina, ambaye hakuweza kutembea. Jinsi moto ulivyowachukua wote wawili. Wengi waliniandikia kwamba walilia.

Leo nawaambia ninyi mliolia: yachukueni tena machozi yenu, sikuyastahili.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwadai ninyi mfanye katika insha.

Furaha ni binti wa Paluku. Siku ile ya moto alikuwa mgongoni mwa mama yake, Masika, hakumbuki chochote. Baba anamjua kwa hadithi yangu tu. Amekua nayo, ameilalia, na alipokuwa mtu mzima ameifanyia kazi. Yeye na wenzake wawili wana chumba kidogo kule Ndosho, nyuma ya mafundi wanaochonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, na humo wametengeneza mchezo wa kuchezwa kwenye simu. Unaitwa *Rudi Kabla ya Moto*. Unamwongoza mtu mmoja katikati ya mji unaowaka, anamtafuta bibi mmoja mzee. Njiani unachagua: upite wapi, umsaidie nani, umwache nani. Kwa jinsi unavyochagua, mchezo unaisha kwa njia tofauti.

Miisho ni mitatu. Katika wa kwanza, mtu yule anamfikia bibi, anambeba mgongoni, na moto unawakuta wote wawili. Katika wa pili wanaokoka wote, anaikuta familia yake mjini Sake, mtoto anacheka. Wa tatu umefichwa kidogo. Mtu anafika mbele ya lango la bibi, anasimama. Usipomsukuma aingie, anageuka. Anafuata umati hadi mpakani, anavuka kwenda Gisenyi, na mchezo unakuwa mweusi bila muziki.

Wachezaji wanagombana juu ya miisho hiyo mitatu kama sisi tulivyogombana zamani juu ya siasa. Wanaulizana upi ni mwisho wa kanuni. Nilicheka niliposikia neno hilo, maana nililijua kutoka seminari: vitabu vya kanuni ni vile Kanisa lilivyovikubali, vingine ni masimulizi tu. Furaha akanieleza kwamba katika michezo ni hivyo hivyo. Unaweza kuona miisho yote, lakini mmoja tu ndio uliotokea. Mingine ni ndoto.

Watu wa Bunia wanashikilia wa kwanza. Wa Bukavu wanataka wa pili, wanasema tumezika vya kutosha, hata kwenye mchezo jamani mtu asipone? Wa tatu hauna watetezi. Wanauita mwisho wa mwoga. Kijana mmoja aliandika kwamba aliyeubuni anastahili kupigwa fimbo.

Aliyeubuni ni Furaha. Nilimwuliza sababu. Akasema hajui, mkono ulijiandikia tu.

Jumapili baada ya misa alikuja na Serge, mmoja wa wale wenzake, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Walikuwa wamechoka na ugomvi wa wachezaji na walitaka kutoa tamko. Serge alisema kwa wa kwanza hakuna mjadala, damu ya shujaa ndiyo inayouza. Furaha akamwambia anyamaze, hilo si jambo la kuuza. Kisha akanigeukia mimi, babu yake.

“Koko, weye njo ulikuwaka siku ile. Sema tu, siye tutaandika.”

Alikuwa ameshika simu tayari kuandika. Ana macho ya baba yake, yale yanayosubiri kusifiwa.

Nikasema ni wa kwanza.

Nilisema kwa sauti ya Bwana Prefe, ile ya kusoma matokeo ya mtihani. Serge akapiga makofi. Furaha hakupiga, alitabasamu tu, akaanza kuandika, na mimi nikajisikia kama mtu aliyesaini kifo kwa mara ya pili.

Ndipo Masika akatoka jikoni. Lazima niwaambie Masika ni nani kwangu. Ni mke wa mwanangu, na tangu mke wangu Kahindo afariki ni yeye anayeniosha, anayenilisha, anayenigeuza kitandani. Wanaume wawili wazuri walikuja kumposa miaka ya nyuma. Aliwakataa kwa heshima ya marehemu. Mimi nilimsifu mbele ya ukoo mzima. Nilisema huyu ndiye mwanamke.

Akaomba naye ajaribu mchezo. Hakuwahi kuugusa hata siku moja, miaka yote waliyokuwa wakiutengeneza. Serge akamwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba. Akakaa kwenye kigoda, akaanza. Hakumkimbiza yule mtu kama wanavyofanya vijana. Alimtembeza. Serge alikuwa akimtania kwamba kwa mwendo ule moto utamfikia hata mchezo haujaanza, mama, kimbiza mutu. Alimfikisha kwenye lango la Mama Apolina, akaondoa kidole, akangoja. Moto ukaanza kuonekana mwisho wa barabara. Mtu yule akageuka.

“Hapana, mama,” Serge akasema. “Ile ni fin ya mwoga.”

“Njo yake,” Masika akasema, yaani ndiyo yake. “Bwana yangu nilimujua. Alikuwaka anaogopa ata radi.”

Alimwangalia hadi akavuka mpaka. Skrini ilipokuwa nyeusi aliipangusa kwa kitenge chake, kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji ya sabuni, akamrudishia Furaha simu na kurudi jikoni. Serge akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Furaha alifuta aliyokuwa ameandika. Alisema tamko litangoja.

Hayo ni ya Jumapili. Sasa ya kweli.

Kwetu, mtu akipotea na mwili usionekane, hatumwachi ananing'inia. Baba yake anakata shina la mgomba lenye urefu wake, linavikwa shati lake, linalazwa kaburini, na kilio kinafungwa. Kuanzia siku hiyo huyo ni maiti, hata akiwa anakula ugali mahali fulani. Akirudi, hapiti mlangoni, maana aliyekwisha kutoka kwa jeneza haingii kwa miguu. Kwanza lazima aliyezika afukue kwa mkono wake. Kisha ukuta wa nyuma unafunguliwa, naye anaingizwa humo kama mtoto mchanga aliyezaliwa leo. Na kama aliyezika akifa kabla ya kufukua, basi. Hakuna mwingine anayeweza kufanya kazi hiyo.

Mgomba wa Paluku niliuzika mimi. Uko hapa uani kwetu, mtaa wa Mapendo, nyuma ya jiko. Ardhi ya mji huu ni jiwe la moto lililopoa, jembe haliingii, kwa hiyo hatukuchimba. Tuliulaza juu ya mwamba tukaurundikia mawe. Rundo liko pale, naliona kutoka dirishani hapa. Masika hutundika nguo kamba ikipita juu yake.

Paluku alipiga simu mwaka wa pili baada ya kilio.

Alikuwa Kasese, ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa upande wa pili wa milima ya theluji. Alilia sana kwenye simu. Alinieleza kwamba alirudi kweli mjini, alifika kweli mbele ya lango la Mama Apolina. Alimsikia ndani akiita. Aliona ule wekundu unakuja polepole kama ng'ombe walioshiba, akasikia harufu, na miguu ikakataa. Umati ulipopita ukamchukua. Aliniomba jambo moja tu, arudi nyumbani, awaombe msamaha mkewe na ukoo wa Mama Apolina.

Nilimwambia: “Weye tulikwisha kukuzika.”

Mimi, niliyesoma chuo kikuu cha Louvain, Ulaya. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu miaka yote kwamba mila ambayo haina sababu ni mzigo. Siku ile niliikumbatia mila ya babu zangu kama fimbo, kwa kuwa ilikuwa inanifaa kupigia.

Hakubisha. Paluku hakuwahi kunibishia katika maisha yake. Amekuwa akipiga kila Noeli, na kila Noeli natoka nje kupokea, nasimama karibu na rundo la mawe kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika vizuri. Mnaweza kucheka. Namba yake nimeiandika kwenye simu kwa jina la Fundi wa Paa. Ananiuliza habari za mama yake. Mama yake alipofariki nilimwambia baada ya mazishi. Noeli iliyopita aliuliza mtoto anafanya kazi gani. Nikasema anatengeneza mchezo. Mchezo gani, Papa? Nikasema mchezo tu, michezo ya vijana.

Akasema vizuri. Akasema anashukuru.

Nilipoanza kuandika leo nilikusudia kuishia hapo. Mngenielewa, pengine mngenihurumia: baba mwenye hasira, mwana mwoga, mila ngumu. Insha nzuri. Lakini ningekuwa nimewapa tena mwisho uliorembwa.

Nilijua kabla ya kuzika.

Mawe yalikuwa bado ya moto chini ya viatu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alikuja kunitafuta kwenye hema tulilopewa, akaniita pembeni. Alisema amemwona Paluku Gisenyi, mzima, amekaa ukingoni mwa barabara amefunika kichwa kwa mikono. Alifikiri ananiletea habari njema, maskini. Alikuwa anatabasamu.

Nilimwambia amekosea, kwamba moshi na njaa vinamfanya mtu aone wafu. Nilimwambia asiende kumtia mke wangu Kahindo wazimu kwa maneno ya barabarani. Nilitumia sauti ile ile ya matokeo ya mtihani. Aliinamisha kichwa, akasema ndiyo Bwana Prefe, akaondoka. Hakusema tena popote. Nilikuwa nimemlea vizuri.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni dogo kiasi kwamba linanitia aibu kuliko kosa lenyewe.

Jumapili ya kwanza baada ya moto padri alikuwa amemtaja Paluku altareni. Watu waliopoteza nyumba, waliolala juu ya mawe, walikuja kunishika mkono kwa mikono miwili. Baba wa shujaa. Wakati Paluku alipokuwa hai hakuna aliyewahi kunipongeza kwa ajili yake. Hakupata diploma, alirudia mtihani akashindwa tena, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa shule. Unajua maana yake, mtoto wa prefe kutafuta jina lake ukutani mbele ya watu wote na asilione? Nilimchukia kidogo kwa hilo. Nalisema sasa. Mwana niliyekuwa naye alinivunja moyo, na ghafla nikapewa mwingine, aliyekufa, asiye na dosari, ambaye hangeshindwa mtihani wowote tena.

Nikamchagua huyo.

Kahindo alinisihi tungoje. Alisema moyo wake haujakubali, mgomba usikatwe hadi mwaka uishe. Nilimwambia familia haiwezi kukaa bila kufunga kilio. Nilileta shina kwenye chukudu, mimi mwenyewe nikasukuma, nikalivika shati la Paluku la misa. Kahindo alilifunga vifungo. Alifariki akiwa anaamini, na kila mwaka aliliwekea rundo lile maua.

Basi hao ndio watu niliowaharibia, tuwe wazi. Kahindo aliyelilia shina. Masika aliyekataa kuolewa kwa heshima ya mtu anayepumua. Furaha aliyejenga mchezo mzima, mitaa yote, milango yote, akimtafuta baba mahali ambapo hayupo. Na mwoga mmoja wa Kasese ambaye alishindwa dakika moja katika maisha yake, mbele ya lango moja, kama ambavyo wengi wetu tungeshindwa. Yeye alimwacha bibi kwa hofu. Mimi nilimwacha mwanangu kwa utulivu, nikiwa nimekaa, nikiwa na akili zangu zote, na nimefanya hivyo kila Noeli.

Katika mchezo wa Furaha hakuna mwisho unaonihusu mimi. Baba wa mtu yule hayumo kabisa. Nilipougundua upungufu huo nilifurahi.

Jana jioni Masika alikuwa ananikanda miguu kwa mafuta. Tulikuwa wawili tu. Redio ilikuwa inasema mambo ya barabara iliyofungwa, tusiyoweza kuyabadili. Hakuinua kichwa.

“Papa,” akasema, “ule mutu wa Noeli, anakulaka vizuri?”

Nilihisi vidole vyake vimesimama juu ya kifundo cha mguu wangu. Vilisimama hapo tu, havikubana.

Nikasema: “Sijui unasema nini, binti yangu.”

Akasema, “Haya.” Akaendelea kukanda.

Nimesikia maungamo mengi ya watu katika maisha yangu, wanafunzi walioiba, walimu walioghushi, na sikuwahi kusikia neno lililonihukumu kama hilo “haya”. Tangu lini amejua? Labda tangu mwanzo, yeye aliyelala kando ya mtu anayeogopa radi. Alingoja nimwambie. Ameniosha akingoja. Nilidhani ni heshima kwa marehemu, kumbe alikuwa ananipa nafasi, siku baada ya siku, na mimi naipokea na kuitupa pamoja na maji machafu.

Padri atakuja Ijumaa na mafuta ya wagonjwa. Ningeweza kumwambia yeye, kwa siri, nikafa nimesafishwa. Ni rahisi mno. Padri hawezi kuondoa jiwe hata moja pale nje, na hata akiweza, mkono wake haufai.

Naanza kuhisi baridi mikononi, nafupisha.

Furaha, wewe ndiye unayesoma kabla ya wengine, unanisahihisha herufi. Hii usiisahihishe. Baba yako yuko hai. Yuko kwenye simu yangu, Fundi wa Paa. Usimpigie kwa hasira; na kama huna budi kuwa na hasira, ilete kwangu, mimi ndiye mwenye deni nayo. Tangazeni kwa Bunia na Bukavu na wote wanaogombana: mwisho wa kanuni ni wa tatu. Na ninyi mnaoniita Bwana Prefe, acheni.

Masika akija asubuhi na maji ya moto nitamwomba asinioshe kwanza. Nitamwambia kwa mdomo, si kwa kompyuta: anakula vizuri, ana mvi, anauliza habari zako nami huwa simjibu. Akitaka kuniacha hapo kitandani, ana haki. Asipotaka, anitoe kwa kiti hadi nyuma ya jiko. Jiwe la kwanza lazima liwe la mkono wangu. Nimelichagua kutoka hapa dirishani, lile dogo la juu, naamini vidole vitaliweza. Yaliyobaki Serge ana nguvu.

Kama Paluku atakubali kuja, hilo ni lake, na kama Masika atakubali aingie, hilo ni lake pia. Mimi nadaiwa ukuta tu. Nyumba yetu ni ya mbao, na za upande wa nyuma zimeshikwa na misumari ya kawaida. Nyundo iko chini ya kitanda changu, ile yenye mkia wa kung'olea. Furaha, ukisoma hii sijaamka, ichukue, ung'oe mbao hizo wewe, hata kama mila inakataa.